Mjusi-ndevu anakuja nyumbani: kasha kwanza, mjusi baadaye

#1 Mtoto wa Miamba

Wakuu, habari za saa hizi. Naishi Leicester, Uingereza, na mke wangu na binti yetu wa miaka 11. Huu ni mwaka wa pili binti anaomba mjusi-ndevu, yule ambaye Waingereza humwita joka mwenye ndevu. Wataalamu wanamwita Pogona vitticeps. Mwaka jana nilikataa. Mwaka huu nimekubali kwa sharti moja: mjusi haingii mlangoni mpaka kasha lake liwe limewaka wiki mbili mfululizo, na joto liwe linaandikwa kwenye daftari asubuhi, mchana na usiku. Nafungua uzi huu ili wenye uzoefu mnisahihishe mapema. Nikikosea, atakayeumia ni mnyama ambaye hata kulia hawezi.

Niseme kwanza kilichonigeuza moyo. Nimekulia Mwanza, na kwetu miamba ni sehemu ya nyumba. Kila asubuhi jua likianza kuuma, wale mijusi wakubwa walipanda juu ya mawe. Dume kichwa chekundu, kiwiliwili cha buluu, anainua na kushusha kichwa kama anayeitikia salamu. Kuna wanaomwita gorong'ondwa. Jina lake la kitaalamu, Agama mwanzae, limebeba jina la mji wetu. Sisi watoto tuliwarushia mawe. Siku binti aliponionyesha video ya mjusi-ndevu akitikisa kichwa, nilikitambua kile kichwa mara moja. Ni ukoo mmoja, Agamidae. Nikaona hili ni jambo ninaloweza kulifanya vizuri pamoja na mwanangu.

Nilichokwisha kujifunza: asili yake ni nyanda kavu za ndani ya Australia. Australia iliufunga mlango wa biashara ya kusafirisha wanyama wake wa porini tangu miaka ya 1960, kwa hiyo hawa wanaouzwa huku ni wazaliwa wa mikononi mwa watu, vizazi na vizazi. Akikomaa anafika sentimita 40 hadi 60, na zaidi ya nusu ya hizo ni mkia. Anaishi miaka 8 hadi 12, wengine hufika 15. Hapo ndipo nilipokaa na mke wangu tukazungumza sana. Binti akienda chuo, mjusi atabaki na nani? Atabaki na mimi. Na sheria ya hapa ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2006 hairuhusu kumuuzia mnyama mtoto wa chini ya miaka 16, kwa hiyo hata kwenye karatasi mwenye mjusi ni mimi.

Mpaka sasa nina kasha la mbao la mkono wa pili, urefu sentimita 120, kina 60, kimo 60, mbele vioo vya kuteleza. Nimenunua pia balbu fupi ya kujikunja yenye UVB (mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho), taa ya joto, na mchanga wa chokaa wa kutandika chini. Dukani waliniambia hivyo vinatosha. Naombeni macho yenu.

#2 Bi Mkubwa wa Tanga

Mwanangu, mjusi ndani ya nyumba kwa hiari yako? Huku tunawafukuza kwa ufagio. Hana sumu huyo? Na una mtoto.

#3 Mtoto wa Miamba

Shikamoo mama. Hana sumu ya kumdhuru mtu, na waliozaliwa mikononi ni wapole kuliko paka wengi. Lakini umeuliza jambo zito. Hatari yake ya kweli ni bakteria wa salmonela. Mjusi anaweza kuwa nao tumboni naye mzima wa afya, ukawapata kwenye ngozi yake, kwenye maji yake, kwenye kasha lote. Taasisi ya afya ya Marekani, CDC, inashauri nyumba zenye watoto wa chini ya miaka mitano zisifuge reptilia kabisa, na wazee wa miaka 65 na kuendelea, au mtu ambaye kinga yake imeshuka, wawe na tahadhari hiyohiyo. Mama mkwe alikuwa aje kukaa nasi miezi mitatu, naye anatumia dawa zinazoshusha kinga. Tumesogeza ujio wa mjusi mpaka mama amalize ziara yake.

Utaratibu tuliokubaliana: mikono inaoshwa kwa sabuni kila baada ya kumgusa yeye au chombo chake. Hakuna kumbusu. Bakuli zake haziingii kwenye sinki la jikoni. Tumenunua beseni lake, na maji yanamwagwa chooni.

#4 Fundi Umeme, Minneapolis

Mkuu, hongera kwa kuuliza mapema. Nimefuga hawa kwa miaka tisa, na wa kwanza nilimuua kwa kutojua, kwa hiyo nitasema bila kuzunguka.

Rudisha ile balbu ya kujikunja. Rudisha na mchanga wa chokaa.

Balbu kwanza. Mjusi-ndevu anatengeneza vitamini D3 kwenye ngozi kwa mionzi ya UVB, na bila D3 kalsiamu anayokula haimfai kitu. Mwili ukikosa kalsiamu unaichukua kwenye mifupa yake mwenyewe. Taya linalainika, miguu inapinda, vidole vinatetemeka, mwisho hawezi kujiinua. Wangu alikuwa na balbu kama yako. Inarusha mionzi mahali padogo tu, na mjusi wa nusu mita anahitaji mwili mzima uwe kwenye mwanga. Nilidhani ni mvivu. Nilipomfikisha kwa daktari, picha ya eksirei ilionyesha mifupa myembamba kama uzi. Hakupona. Bado nakumbuka uzito wake mkononi.

Unachotaka ni tyubu ndefu ya T5 (aina nyembamba), nguvu ya UVB ya asilimia 10 hadi 12, yenye kiakisi nyuma yake, ichukue nusu mpaka theluthi mbili ya urefu wa kasha. Ifunge ndani, upande uleule wa taa ya joto, ili akiota jua apate joto na mionzi kwa pamoja kama porini. Kutoka kwenye tyubu hadi mgongoni mwake acha sentimita 30 hadi 40, lakini soma karatasi ya mtengenezaji, kwa sababu tyubu zinatofautiana. Ukiiweka juu ya wavu, wavu unakula sehemu kubwa ya mionzi. Kioo kinaizuia karibu yote, ndiyo maana kumweka dirishani hakumsaidii. Tena andika tarehe ya kuifunga kwa kalamu juu ya fremu. Baada ya miezi 12 ibadilishe hata kama bado inawaka, maana mwanga unabaki na UVB inakuwa imeshuka, wala jicho lako haliwezi kuona tofauti.

Mchanga wa chokaa wanaramba, unaganda tumboni, choo kinakataa. Anza na vigae vya sakafu au karatasi za jikoni. Vigae vinasaidia pia kupunguza kucha.

#5 Mtoto wa Miamba

Fundi, nimesoma ujumbe wako mara tatu, na mara ya mwisho nilimsomea binti. Alilia kidogo kwa ajili ya mjusi wako. Pole sana kaka. Balbu na mchanga vimerudi dukani leo.

#6 Mtoto wa Miamba

Wadau, ripoti ya wiki ya kwanza ya kasha tupu. Nawasihi wote mnaofikiria kufuga mfanye hili zoezi, kwa sababu kila nilichodhani kimekaa sawa hakikuwa sawa.

Lengo letu: pale pa kuotea jua, uso wa jiwe uwe nyuzi 38 hadi 42 za Selsiasi. Upande wa baridi uwe 22 hadi 26. Ni lazima pande zote mbili ziwepo, maana mjusi hana joto la ndani kama sisi. Anajipika na kujipoza kwa kutembea, na kasha la joto la aina moja linamnyima hiyo nafasi.

Siku ya kwanza kile kipimo cha kubandika ukutani kilisema 36, nikafurahi. Binti akachukua kipimajoto cha bastola, kile cha kupima kwa mionzi, akalenga jiwe lenyewe: 51. Mjusi angeungua tumbo nami nikijisifu kwamba ni 36. Kipimo cha ukutani kinapima hewa ya pale ukutani tu. Tukashusha jiwe sentimita nane na kufunga kidhibiti cha kupunguza nguvu ya taa. Siku ya tatu 43, siku ya nne 40, na tangu hapo imesimama.

Upande wa baridi ulitusumbua zaidi. Ulikuwa unapanda mpaka 30 jioni. Nikatoboa matundu mawili ya hewa nyuma, juu upande wa joto na chini upande wa baridi, hewa ikaanza kuzunguka, sasa ni 25.

Usiku taa zote zinazimwa. Wanauza taa nyekundu na za buluu za usiku wakidai mijusi hawazioni. Wanaziona, na zinawaharibia usingizi. Nyumba yetu usiku haishuki chini ya 17, na hiyo inamtosha. Nyumba ikishuka zaidi ya hapo, kuna kile kipasha joto cha kauri kisichotoa mwanga, nacho kifungwe na thamostati, yaani kidhibiti joto, kisiachwe peke yake kamwe. Mawe ya umeme ya kupasha tumbo sitaki hata kuyaona. Yanaunguza, na mjusi anachelewa kuhisi joto linalotoka chini yake.

Kuhusu umeme, maana mke wangu aliuliza kabla ya kitu chochote: taa ya wati 100 kwa saa 12 ni yuniti 1.2, tyubu ya wati 39 inaongeza karibu nusu yuniti. Kwa mwezi ni kama yuniti 50. Kwa bei yetu ya karibu pensi 25 kwa yuniti, ni pauni 12 na kitu. Tumeiweka kwenye bajeti ya nyumba kama tunavyoweka nauli.

#7 Wa Ruiru

Boss, hii thread imenifunza mengi. Hapa Kenya naweza kupata wapi mmoja? Ama nishike hawa wa kwetu wa kichwa chekundu nimfuge, si ni familia moja?

#8 Mtoto wa Miamba

Kaka, usimshike. Yule ni mnyamapori, na Kenya ina sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013. Kumfuga bila kibali kunaweza kukuingiza matatani. Hata kwa mjusi wa kigeni, nenda kwanza KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, uulize kuhusu vibali kabla hujatoa shilingi. Lakini hata sheria ikiwekwa kando, mijusi wa porini wakifungiwa wanakataa chakula, wanajigonga kwenye kioo, wanakufa na minyoo ambayo porini walikuwa wanaimudu. Mjusi-ndevu ametulia kwa sababu amezaliwa na watu kwa vizazi vingi. Wako wa Ruiru unaye tayari, yuko ukutani. Mkalie asubuhi na kiti na chai yako, utamwona akitikisa kichwa bure kabisa. Natamani ningekuwa na hiyo nafasi kila siku.

#9 Mwalimu wa Bayolojia, Dodoma

Nachangia moja la kufurahisha kwa binti yako. Mjusi-ndevu ana jicho la tatu utosini, doa dogo la rangi hafifu. Halioni sura ya kitu, linahisi mwanga na kivuli. Porini kivuli kinachotoka juu ni mwewe. Kwa hiyo msimnyakue kutoka juu. Mkono uje kwa pembeni, uingie chini ya kifua, umbebe na miguu yote minne ipate pa kukanyaga. Mkia usishikwe: hawa si kama mjusi kafiri anayeacha mkia na kuota mwingine. Wa kwao ukikatika ndio basi.

Na lingine: jinsia. Wana kromosomu za jinsia, lakini mayai yenye kromosomu za kiume yakiatamiwa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 32, wengi wanaanguliwa majike, tena wanaozaa. Mwaka 2015 watafiti wa Australia walitangaza kuwapata majike wa namna hiyo porini. Nilipowasomea wanafunzi wa kidato cha tano darasa zima lilinyamaza.

#10 Mtoto wa Miamba

Mwalimu, binti ameandika yote kwenye daftari, na chini amechora jicho.

Sasa chakula, ambacho ndicho nilichokipenda kuliko yote. Mdogo anakula wadudu zaidi, mboga kidogo. Akishakuwa mkubwa inageuka, karibu robo tatu au zaidi ya sahani ni majani. Wengi wanaendelea kumpa mkubwa wadudu kila siku kwa sababu anawafurahia, na ini linajaa mafuta.

Wakuu, mboga bora kuliko zote ni sukuma wiki! Nilimpigia simu mama nikamwambia, akasema mjusi huyo amelelewa vizuri. Inaongezewa boga, majani ya dandelioni yaliyochumwa mahali pasipopigwa dawa, na ua la haibiskasi mara mojamoja. Mchicha na spinachi si vya kila siku. Vina oksaleti zinazofunga kalsiamu. Letusi ile nyeupe ya mduara ni maji tu. Parachichi ni sumu kwake, asiguse.

Wadudu: huku wanauza nzige hai kwenye vikasha vya plastiki, na nyenje, na mende wa dubia. Nilisimama mbele ya vile vikasha vya nzige nikiwaza mwaka 2020, ndugu zetu wa kaskazini mwa Kenya wakipiga mabati kuwafukuza shambani. Kanuni ya ukubwa: mdudu asizidi nafasi iliyo kati ya macho mawili ya mjusi. Wadudu nao walishwe mboga siku moja kabla, kisha wapakwe unga wa kalsiamu. Akishiba, waliobaki watolewe. Nyenje wakiachwa usiku wanamtafuna mjusi aliyelala.

Hakuna mdudu wa kuokota nje, na kimulimuli ndiye wa kuogopwa kuliko wote. Kimulimuli mmoja wa Marekani anatosha kumuua mjusi-ndevu mzima. Fundi, wewe wa Minneapolis, hili ni la kwako.

#11 Fundi Umeme, Minneapolis

Ni kweli kabisa. Mwezi wa sita na wa saba madirisha yangu yana nyavu kwa sababu hiyo tu.

Mkuu, umepata daktari? Usisubiri augue. Daktari wa mbwa si lazima amjue mjusi. Mtafute sasa, na siku za mwanzo peleka choo chake kibichi kikapimwe minyoo na koksidia, vijidudu vya tumboni. Pia mmoja kwa kasha moja. Mkiona wawili wamelaliana mkadhani wanapendana, yule wa juu anamnyang'anya mwenzake mwanga.

#12 Mtoto wa Miamba

Daktari tumempata, nusu saa kwa gari, anatibu reptilia siku nne kwa wiki. Namba iko kwenye friji.

Tena kuna jambo limebadilika. Tulikuwa tumepanga kununua mdogo wa wiki nane au kumi. Lakini kituo kimoja cha kuokoa wanyama kilikuwa na jike wa miaka mitatu. Waliokuwa naye walihama wakashindwa kwenda naye. Binti alimtazama dakika arobaini bila kusema. Jike alikuwa na macho maangavu, mkia mnene kwenye shina, na alipoguswa alijisukuma kwa nguvu. Kasoro yake ni kidole kimoja kilichokatika zamani, na ncha ya mkia haipo. Mfanyakazi alitueleza kwamba jike hutaga mayai hata bila dume, kwa hiyo tuandae sanduku lenye mchanga na udongo wa unyevu, lenye kina cha kutosha achimbe. Akikosa pa kuchimba anaweza kuyazuia mayai tumboni, na hilo linaua. Hakuna aliyewahi kuniambia. Nimelitengeneza jana usiku kutoka kwenye boksi la plastiki la nguo.

Walikagua picha za kasha letu na daftari la joto kabla ya kutukubalia. Yule dada alifungua kurasa zote, siku 19, akamwambia binti, "Wewe ndiye uliyeandika?"

#13 Bi Mkubwa wa Tanga

Marahaba mwanangu, hata kama umechelewa kunisalimia leo. Amefika? Anaitwaje?

#14 Mtoto wa Miamba

Shikamoo mama, nisamehe, mikono ilikuwa imejaa. Amefika Jumamosi. Anaitwa Kokoto.

Siku nne za kwanza hakula kitu. Alikaa upande wa baridi nyuma ya gogo, ndevu zake, yaani ile ngozi ya koo yenye miiba, zimekuwa nyeusi, amejibana. Tulishaambiwa hilo ni la kawaida kwa mgeni, na kwamba tusimshike wiki nzima. Tuliziba kioo kimoja cha mbele kwa gazeti ili asione watu wanapita. Binti alikuwa anaingia chumbani kwa kunyata, anabadilisha maji, anapima joto, anatoka. Hakumgusa hata mara moja, na najua ilimgharimu.

Jana saa tatu asubuhi nilisikia anaita "Baba" kwa kunong'ona. Kokoto alikuwa juu ya jiwe, kifua kimeinuliwa, mdomo wazi kidogo. Ndivyo wanavyofanya wakishapata joto wanalolitaka. Ndevu zilikuwa zimerudi rangi ya mchanga. Akateremka, akaenda kwenye sahani, akatafuna majani matatu ya sukuma wiki, akapanda tena juu ya jiwe.

Kwenye daftari, ukurasa wa jana, chini ya 40 na 25, kuna mstari mpya: "Amekula. Majani matatu."